Mnunuzi Asiyeonja: Kuyapokea Maoni Yasiyo ya Haki Katika Biashara ya Mtandaoni

Hotuba ya Afisa Biashara wa Halmashauri kwa wajasiriamali wa kata wanaouza bidhaa zao kwa njia ya mtandao. Inachapishwa hapa kwa ombi la wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nilipoombwa kuzungumza nanyi, nilipewa hiari ya kuchagua kati ya mambo mawili: leseni za biashara, au lile jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkilileta ofisini kwetu mkiwa mmeshika simu mkononi na machozi yakiwalenga. Nimechagua hilo la pili. Leseni ina kanuni zake zilizobandikwa ukutani, na anayezitaka atazisoma. Maneno ya mteja aliyekuandika vibaya mbele ya watu wote, nawe unaamini hujamkosea, hayana tangazo ukutani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu methali hiyo, lakini yafaa tukumbuke ilizaliwa katika soko la namna gani. Ilizaliwa katika soko la chini ya mwembe, ambako mnunuzi hutia kidole katika asali akakilamba, huusugua mchele katika kiganja, huunusa samaki na kumtazama macho. Katika soko la simu kizuri hakiwezi kujiuza, kwa kuwa hakina harufu wala ladha. Mtu wa Dar es Salaam anayeitazama picha ya chupa yako hana ulimi wa kuionja asali iliyomo. Ulimi wake ni maneno ya aliyenunua kabla yake. Ndiyo sababu sentensi moja iliyoandikwa na mtu mwenye hasira, usiku, akiwa kitandani, inaweza kuiangusha bidhaa ambayo sokoni ingejitetea yenyewe.

Utaratibu huu una historia, na historia hiyo inatufaa. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko California mnada wa mtandaoni ambao leo unajulikana kwa jina la eBay. Watu wasiofahamiana wakaanza kutumiana fedha na bidhaa, na ugomvi ukafuata. Mwaka 1996 akaweka mahali ambapo mnunuzi na muuzaji wangeandikiana maoni hadharani: sifa ilihesabiwa alama moja ya kuongeza, lawama alama moja ya kupunguza. Kwa miaka mingi kila upande uliweza kumwandika mwenzake. Wakawa kama majirani wawili walioshika mawe: mnunuzi akilaumu, muuzaji hulipiza, na wanunuzi wengi wakaona heri wanyamaze. Mwaka 2008 kampuni hiyo iliwaondolea wauzaji ruhusa ya kuwaandika wanunuzi vibaya. Wauzaji walilalamika sana, na si bila hoja, maana tangu hapo fimbo imebaki mkononi mwa upande mmoja.

Nayasema haya ili mfahamu kwamba kutolingana huko kwa pande mbili ni sehemu ya ujenzi wa soko lenyewe. Hakukuanza na wewe, wala si dalili kwamba una nuksi. Tena ninyi mnaouza kwa WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok mko katika soko gumu zaidi, kwa sababu humo mara nyingi hakuna hata mwamuzi wa kuuliza nani alituma nini na lini. Maneno huandikwa, huchukuliwa picha, husambazwa katika makundi ambayo wewe si mwanachama, na habari hukufikia ikiwa imeshazunguka nusu ya mkoa.

Je, uzito wa maneno hayo ni mkubwa kiasi hicho, au ni hofu yetu tu? Mchumi Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard aliichunguza migahawa ya jiji la Seattle, nchini Marekani, na mwaka 2011 akaeleza kwamba nyota moja zaidi katika wastani wa maoni ya wateja ilileta ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. La kuzingatia zaidi ni hili: athari hiyo aliiona kwa migahawa ya watu binafsi, si kwa ile yenye jina kubwa na matawi kila mahali. Mwenye jina kubwa tayari anafahamika. Asiyefahamika hutegemea anachosemewa. Huku kwetu, kati ya wenye chupa kumi na wenye ndoo kumi, ni nani mwenye jina kubwa?

Na hapa linaingia jambo la mkopo. Wengi mlio mbele yangu mmo katika vikundi vilivyopata mkopo usio na riba kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini una tarehe. Asali ikilala stoo kwa sababu ya neno la mtu mmoja, tarehe ya marejesho hailali. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nimekuja kuwafariji tu. Mezani kuna fedha za watu.

Sasa niwaeleze kisa kilichofika ofisini kwetu, ambacho nimepewa ruhusa ya kukisimulia bila majina. Kikundi cha akina mama kilituma lita 20 za asali, katika chupa za nusu lita, kwa mwenye duka mmoja wa Njombe. Ilikuwa mwezi Julai. Mzigo ulibadilishwa basi njiani, ukalala, ukafika. Siku chache baadaye mwenye duka akafungua boksi akakuta chupa zimeganda nusu, chini kweupe, juu kuna kitu cha rangi ya chai. Hakupiga simu. Aliandika katika kundi la wafanyabiashara wenye watu wengi: “Hii asali ya Tabora ni sukari tupu. Msitume hela.” Akaweka na picha. Siku hiyohiyo oda mbili zilifutwa.

Ninyi warina asali mnacheka kwa uchungu, kwa kuwa mnajua. Lakini mnunuzi hajui, na hakuna aliyemwambia. Asali kwa sehemu kubwa ni sukari za asili, hasa fruktosi na glukosi, pamoja na maji kidogo. Glukosi huwa nyingi kuliko kiasi ambacho maji hayo yanaweza kukiyeyusha, kwa hiyo baada ya muda hujitenga ikawa chembechembe. Asali ya maua mengine huganda upesi, ya mengine huchukua muda mrefu sana, na kasi huwa kubwa zaidi katika ubaridi wa nyuzi joto 14 hivi za Selsiasi. Anayetuma asali Njombe wakati wa kipupwe ni kama anaituma jokofuni. Kiwango cha kimataifa cha asali cha Codex, kilichopitishwa mwaka 1981, kinakubali wazi kwamba asali inaweza kuwa nyepesi, nzito, au iliyoganda nusu au yote. Kuganda si ushahidi wa sukari iliyoongezwa. Na kwa kuwa nimelifikia, kile kipimo cha kuchovya kijiti cha kiberiti katika asali na kukiwasha, ambacho wanunuzi hupenda kutupigia video, huonyesha zaidi unyevu kuliko usafi. Asiyeamini aende maabara.

Basi akina mama wale walikuwa na haki. Swali ni walifanya nini na haki yao.

Mmoja wao, kijana na mwepesi wa vidole, aliandaa jibu mara moja. Alikuwa na namba ya simu ya mwenye duka, jina lake kamili kutoka kwenye muamala wa malipo, na jina la mtaa lililoandikwa juu ya boksi. Alitaka kuyaweka yote katika stetasi na katika lile kundi, na juu yake neno “TAPELI” kwa herufi kubwa. Mwenyekiti wa kikundi alimnyang'anya simu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa unyenyekevu tu kwamba yeye si msomi, ila aliona kwamba watu wote walio katika lile kundi wana namba zao katika simu ya kikundi, na wakimwona mmoja ameanikwa, kila mmoja atajiuliza lini itakuwa zamu yake.

Mama yule aliliona jambo lenyewe. Maneno ya mteja mbele ya watu yana wasomaji wa aina tatu: aliyeyaandika, anayeandikwa, na wale wengine wote wanaopita kimya bila kusema lolote. Muuzaji aliyekasirika humjibu wa kwanza. Biashara yake iko kwa wa tatu. Aliyekulaumu huenda asinunue tena hata umwandikie utenzi. Lakini yule aliyekuwa ameshika simu, fedha ikiwa tayari, akiwaza kama atume au asitume, anasoma lawama kisha anashuka kuona utasema nini. Ni huyo unayeandikiana naye, ijapokuwa hamjaonana. Hasomi ili ajue nani alishinda ugomvi. Anasoma ili ajue atatendewaje siku yake ikiharibika.

Jambo hili limepimwa. Davide Proserpio na Georgios Zervas walichunguza hoteli za Marekani katika mtandao wa TripAdvisor, na mwaka 2017 wakachapisha walichokiona: hoteli zilizoanza kuwajibu wateja wao zilipata maoni mengi zaidi kwa asilimia 12, na wastani wa nyota zao ukapanda kidogo, kwa takriban 0.12. Lawama ziliendelea kuwapo, ila zilipungua idadi na kuongezeka urefu. Maelezo yao ni ya kufikirisha: mtu mwenye lawama nyepesi, akijua kwamba mwenye hoteli husoma na kujibu, husita kuandika, mwenye lawama nzito huandika kwa uangalifu na kwa kirefu. Jibu lako la leo linamfundisha adabu mlalamikaji wa kesho, bila wewe kumtukana wa leo.

Akina mama wale kwanza walimpigia simu mwenye duka. Hakupokea. Wakamtumia ujumbe wa faragha, kwa heshima, wakamweleza kuhusu kuganda na namna ya kuirudisha. Ulisomwa, haukujibiwa. Siku ya pili, baada ya kulala na kuamka, waliandika katika kundi maneno haya, nami nayasoma yalivyo:

“Ndugu yetu, pole kwa usumbufu ulioupata. Asali imeganda kwa sababu ya baridi ya safari, hatukuongeza sukari. Ukiweka chupa katika maji ya uvuguvugu, si ya moto, italainika. Kama bado hutaridhika, irudishe kwa gharama yetu nasi tutakurudishia fedha yako yote.”

Ni maneno machache, lakini tazameni yalivyopangwa. Pole imekuja kwanza, na pole si kukiri kosa, ni utu. Jambo la kweli limesemwa mara moja bila kurudiwa. Limefuatwa na kitu ambacho msomaji yeyote anaweza kukijaribu jikoni kwake. Mwisho kuna ahadi yenye gharama. Hakuna neno hata moja juu ya tabia ya mteja. Halafu, na hili ndilo gumu kuliko yote, walinyamaza. Wengine waliingilia mjadala, mmoja akatukana, mwingine akawatetea. Wao hawakurudi tena.

Mtapenda kusikia kwamba mwenye duka aliomba radhi. La, hakuomba. Maneno yake yapo mpaka leo, na chupa hazikurudishwa, kwa hiyo nadhani aliziuza. Oda za kikundi zilirudi polepole, na msimu ule walilipa marejesho mawili kwa fedha za mbuzi. Lakini oda iliyofuata ya watu wa nyanda za juu ilitoka katika kundi lilelile, kwa mtu aliyewaambia kwamba alisoma jibu lao. Siku hizi kila chupa yao ina kibandiko chenye mistari miwili: asali halisi yaweza kuganda kwa baridi, weka chupa katika maji ya uvuguvugu. Kibandiko hicho kina thamani kubwa kuliko jibu lolote, kwa kuwa hufika kabla ya hasira.

Sasa nirudi kwa yule kijana mwepesi wa vidole, kwa sababu wako wengi kama yeye na nawapenda. Namba ya simu ya mteja na mahali anapoishi mlipewa kwa kazi moja, kumfikishia mzigo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa madhumuni yaliyofanya zikusanywe, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Kumwanika mteja si madhumuni hayo. Mwenye haki saa nne asubuhi anaweza kuwa mshtakiwa saa sita mchana kwa kubonyeza mara moja.

Wengine huniuliza: na yeye je, aliyetuchafua, sheria haimgusi? Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomhesabu kuwa mkosaji mtu anayechapisha taarifa anazojua kuwa ni za uongo kwa nia ya kukashifu, kutisha au kutukana, au ya kuupotosha umma. Liangalieni neno “anazojua”. Mwenye duka wa Njombe aliona chupa zimeganda akaamini kwa dhati kwamba ni sukari. Alikosea, tena kwa haraka, lakini sioni kwamba alitunga uongo alioujua. Na mteja akisema “asali hii sikuipenda”, hilo ni la ulimi wake. Hakuna mahakama itakayomlazimisha aipende. Mambo ya namna hiyo msiyapeleke polisi, mtapoteza nauli. Lakini anayetunga kwamba alilipa hakutumiwa mzigo, ilhali hamjawahi kufanya biashara, huyo ni mwingine. Chukueni picha za skrini zenye tarehe na jina la akaunti kabla hajafuta, mwende kituoni.

Yupo pia yule anayekuja na bei mdomoni. Hununua, hupokea, kisha huandika kwa faragha: nirudishie nusu ya fedha, la sivyo nitakuandika. Mwaka huu wamekuja kwetu wauza batiki na muuza mikeka mmoja wenye kisa cha aina hii, na wote walikuwa wameshalipa mara ya kwanza. Naelewa kwa nini. Elfu kumi na tano inaonekana ndogo mbele ya jina. Hata hivyo anayelipwa kwa kitisho hurudi, tena huwaambia wenzake. Mwambieni kwa maandishi kwamba bidhaa ikiwa na kasoro aitaje na airudishe, atapata fedha yote, si nusu. Na kwamba ujumbe wake mmeuhifadhi. Mwenye kasoro ya kweli atairudisha. Masoko makubwa ya mtandaoni yanakataza vitisho vya namna hii na hupokea taarifa zake. Katika makundi ya WhatsApp mpelekeeni msimamizi wa kundi.

Mshindani anayejifanya mteja kwa akaunti aliyoifungua jana sitamtumia muda mwingi. Mjibuni kwa mstari mmoja, kwamba hamwoni katika orodha ya wateja wenu na mnamwomba namba ya muamala. Hatakuwa nayo, na wasomaji wataona hana.

Mtagundua kwamba yote haya yanategemea kitu kimoja kisichopendeza kukitaja, nacho ni daftari. Mtu asiye na kumbukumbu hawezi kuonewa kwa namna inayothibitika. Kabla mzigo haujafungwa, piga picha ya bidhaa. Ukishafungwa, piga nyingine ya boksi na maandishi yake. Risiti ya wakala wa basi itunze, na namba ya bodaboda aliyeuchukua iandike pamoja na saa. Nusu ya lawama zinazowaangukia ni za safari, si zenu: chupa imepasuka Dodoma, boksi limelala stendi siku tatu, bodaboda kaacha mzigo kwa mlinzi na mlinzi kabadilisha zamu. Mteja hatofautishi, wala hana sababu ya kutofautisha, kwa kuwa fedha alikupa wewe. Picha ya saa nane mchana ikiwa na chupa nzima haitamnyamazisha, lakini itakuwezesha kuongea na wakala wa basi kama mtu mwenye hoja.

Na kabla hamjayaita maneno ya mteja kuwa dhuluma, naomba, kwa heshima zote, myasome mara ya pili kama vile yameandikwa juu ya jirani yenu. Si wachache wanaokuja kwetu wakilia wameonewa, na tukifungua tangazo tunakuta picha ya kitenge kilichopigwa picha nchi nyingine, au “lita tano” katika dumu lisilojaa. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Mtandaoni kila kitu huuzwa kwa maelezo. Mteja aliyetukana huku ana hoja amekosa adabu, lakini hoja anayo. Itoeni katikati ya matusi kama mnavyotoa nta katika asali, mrekebishe tangazo.

Nimesikia pia kwamba wako vijana mjini wanaouza sifa, nyota hamsini kwa bei ya kuku. Msinunue. Kumdanganya mlaji kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na hata bila sheria, msomaji wa siku hizi anazijua sifa za kununua kwa kuwa zote zimeandikwa na mtu mmoja. Walio na shukrani za kweli ni wale wateja wenu wanaonunua kila mwezi bila kusema lolote. Waombeni waseme. Mtu aliyeridhika hukaa kimya kwa sababu hakuna kinachomwasha. Mkimwomba mistari miwili, wengi watawapa, na lawama moja ikikaa kati ya shukrani ishirini za watu halisi hupungua ukali.

Nimeletewa maswali kwenye karatasi. Nitajibu matatu kabla ya chai.

La kwanza linauliza kama ni halali kufuta maneno ya mteja katika ukurasa wako. Ukurasa ni wako, na matusi au namba ya simu ya mtu ni vyema uviondoe mara moja. Lakini lawama juu ya bidhaa, mimi nashauri iache na uijibu. Aliyeiandika amebaki na picha yake, na ukiifuta atarudi akiwa na lawama mbili, ya bidhaa na ya kufichwa. Wenye nyumba za wageni na migahawa mliomo katika ramani za Google, ninyi hamwezi kufuta. Mnaweza kujibu hadharani, na kutoa taarifa kama maneno yanavunja kanuni zao. Kutokubaliana nayo tu hakutoshi.

La pili: mteja akigundua amekosea, nimwombe afute? Mwombe mara moja, kwa upole, na afadhali umwombe aongeze kuliko kufuta. Lawama yenye nyongeza chini yake, “nimeelezwa, asali ni nzuri, nimenunua tena”, inakutetea kuliko ukurasa mweupe. Akikataa, usimrudie.

La tatu halina jina, na mwandiko umetetemeka. Mwandishi anasema anauza mtandaoni peke yake, ameandikwa vibaya wiki tatu zilizopita, halali, hufungua simu usiku wa manane kuangalia kama kuna jingine, na anataka kuacha kabisa. Ndugu yangu, kabla ya kuacha, jaribu hili kwa siku saba: mpe mtu unayemwamini simu ya biashara kuanzia saa mbili usiku hadi asubuhi, yeye ndiye asome, na wewe uelezwe tu yale yanayohitaji jibu. Vikundi viwili vya wilaya hii hufanya hivyo kwa zamu, na anayesoma kamwe si yule aliyetengeneza bidhaa inayolaumiwa. Maneno uliyoandikiwa sijayaona, kwa hiyo sitasema kama ni ya haki au si ya haki. Nimekuja na mwenzangu wa Maendeleo ya Jamii, amekaa pale karibu na mlango mwenye kilemba cha kijani. Wakati wengine wanakunywa chai, njoo kwetu. Tutayasoma watatu, na kama hayajajibiwa bado, tutaliandika jibu hapahapa.